Akina Fatuma: Jina Moja, Maisha Mbali Mbali



Ndugu msomaji, hebu simama kwenye mlango wa madrasa yoyote hapa kwetu, iwe Lamu, Mombasa, Garissa au Eastleigh, kisha uite kwa sauti, "Fatuma!" Utaona vichwa vingapi vitageuka. Watageuka wanafunzi, atageuka ustadhati, na pengine hata mama anayeuza viazi karai nje ya ukuta. Fatuma, Fatma, Fatima, Tima, Fatu: ni jina moja hilo. Wasomali husema Faadumo, na kule Senegal na Mali utasikia Fatou na Fatoumata. Ni jina tulilolizoea mpaka hatulisikii tena.

Basi katika mwezi huu mtukufu tumeona tukae kidogo na jina hili, tuulize: ni akina nani waliolibeba kabla yetu? Maanake wengi wetu tukiulizwa tutamtaja mmoja tu, binti wa Mtume (SAW), kisha tunanyamaza. Na kweli yeye ndiye wa mwanzo kutajwa. Lakini hakuwa peke yake, hata katika nyumba yake mwenyewe.

Hariri iliyogawanywa

Neno lenyewe ni la Kiarabu, na asili yake ni kumwachisha mtoto ziwa. Lilikuwa jina la kawaida Makka hata kabla ya Uislamu. Katika Sahih Muslim imepokewa kwamba Mtume (SAW) alipewa zawadi ya nguo ya hariri na Ukaydir, mtawala wa Duma. Hariri si vazi la mwanamume wa Kiislamu, kwa hivyo akampa Sayyidna Ali (RA) na kumwambia aipasue, awagawie "akina Fatima" iwe mitandio yao.

Wanavyuoni wakaanza kuhesabu, ni akina Fatima gani hao? Wakamtaja binti wa Mtume, mke wa Ali. Wakamtaja Fatima binti Asad, mama yake Ali, ambaye ndiye aliyemlea Mtume alipokuwa yatima katika nyumba ya ami yake Abu Talib. Na wakamtaja Fatima binti Hamza, ambaye baba yake aliuawa shahidi Uhud. Huyu mke, huyu mama, huyu binti wa shahidi. Nguo moja ikawatosha wote.

Fatima binti al-Khattab: aliyesimama mbele ya kaka

Kisa cha kusilimu kwa Sayyidna Umar (RA) tumekisikia tangu utotoni, lakini mara nyingi tunakisimulia kama kisa cha Umar peke yake. Hebu tukitazame upande wa pili.

Kama alivyosimulia Ibn Is-haq, Umar alitoka na upanga wake akitaka kumuua Mtume (SAW). Njiani akaambiwa aanze na nyumba ya jamaa zake, kwani dada yake Fatima na mumewe Said bin Zayd wamekwisha silimu. Umar akageuza njia kwa hasira. Ndani ya nyumba Khabbab alikuwa akiwasomea Surat Taha. Waliposikia hatua za Umar, Khabbab alijificha, na Fatima akauficha ule waraka.

Umar akamrukia shemeji yake. Fatima akainuka kumkinga mumewe, akapigwa mpaka damu ikamtoka. Sasa tafakari, dada yangu. Huyu ni kaka mwenye nguvu anayeogopwa na mji mzima, na damu inachuruzika usoni. Angeweza kukana, yakaisha. Yeye akamwambia wazi kwamba ndiyo, wamesilimu, na afanye atakalo. Umar alipoiona ile damu alilainika, akataka aonyeshwe walichokuwa wakisoma. Fatima hakumpa hivi hivi, alimwambia akajitwaharishe kwanza. Umar, kwa ukali wake wote, akaenda akaoga.

Sote twajua Umar alikuja kuwa nani. Lakini karatasi ile ilitoka mkononi mwa mwanamke, naye ndiye aliyeweka sharti.

Bi Fatma binti wa Mtume: mikono yenye sugu

Huyu tunamwita Zahraa, na tunapomtaja sauti zetu hushuka kwa heshima. Lakini heshima wakati mwingine humweka mtu mbali, akawa kama picha ukutani. Riwaya sahihi zinatuonyesha mtu wa kazi.

Alikuwa bado mdogo Makureshi walipomwekea baba yake matumbo ya ngamia mgongoni akiwa amesujudu kwenye Al-Kaaba, huku wakicheka mpaka wakiangukiana. Wanaume wazima hawakuthubutu kusogea. Aliyekuja kuyaondoa na kuwakemea ni yeye. Siku ya Uhud, Mtume (SAW) alipojeruhiwa usoni, Fatma alikuwa akiosha jeraha na Ali akimimina maji. Alipoona maji yanazidisha damu alichoma kipande cha mkeka, akaweka jivu juu ya jeraha, damu ikakatika. Hiyo ni akili ya mtu aliyezoea kuuguza.

Nyumbani alisaga nafaka kwa mkono mpaka viganja vikaota sugu. Alikwenda kuomba mtumishi, na baba yake akamfundisha badala yake kusema Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34 kabla ya kulala. Kila unapohesabu tasbihi kitandani, kumbuka kwamba zilianzia kwenye uchovu wa mama mmoja wa nyumbani.

Alifariki miezi sita baada ya baba yake, mwaka wa 11 Hijria, na kwa kauli mashuhuri ya wanahistoria wetu wa Sunni ilikuwa ni mwezi huu huu wa Ramadhani.

Fatima binti Abdulmalik: sanduku la vito

Sasa tuingie kwenye kasri. Huyu baba yake alikuwa Khalifa, ndugu zake wanne walikuwa Makhalifa, na mumewe, Umar bin Abdulaziz, akawa Khalifa pia mwaka 717. Ni wanawake wangapi duniani wamepata nasaba kama hiyo?

Umar aliposhika ukhalifa alianza kurudisha mali za umma kwenye Baytul Mal, na akaanzia nyumbani kwake. Fatima alikuwa na vito vya thamani kubwa alivyopewa na baba yake. Mumewe akamwambia achague: ama vito virudi hazina, ama waachane, kwani hawezi kukaa nyumba moja navyo. Fatima akamchagua mumewe.

Lakini ushujaa wake hasa ulikuja baadaye. Umar alifariki mwaka 720, na Yazid, ndugu yake Fatima, akashika madaraka na kutaka kumrudishia vito vile. Hakuna aliyemlazimisha sasa. Akakataa. Hakuona haki kumtii mumewe alipokuwa hai, kisha amuasi akiwa kaburini.

Fatima al-Fihri: msikiti uliozaa chuo kikuu

Kutoka Qayrawan, Tunisia ya leo, familia moja ilihamia Fas, nchini Morocco. Baba alikuwa mfanyabiashara Muhammad al-Fihri. Alipofariki aliwaachia mabinti zake urithi mkubwa. Mwanahistoria Ibn Abi Zar, aliyeandika katika karne ya 14, anasimulia kwamba Fatima alinunua kiwanja na kuanza kujenga msikiti mwezi wa Ramadhani mwaka wa 245 Hijria, yaani 859. Mawe na mchanga vilichimbwa papo hapo kiwanjani ili kisiingie kitu chenye shaka, na yeye akafunga saumu tangu siku ya kwanza ya ujenzi mpaka ulipokamilika. Dada yake Maryam naye akajenga msikiti wa al-Andalus katika mji huo huo.

Wapo wanahistoria wa leo wanaokitilia shaka kisa hiki, kwa kuwa mwandishi alikuja zaidi ya miaka 400 baadaye. Hata hivyo watu wa Fas wamemtaja Fatima kizazi baada ya kizazi, na msikiti wa al-Qarawiyyin upo. Darasa zake zilikua mpaka wengi wakakihesabu kuwa chuo kikuu kikongwe kuliko vyote ambavyo bado vinafundisha. Hasan al-Wazzan, anayejulikana Ulaya kwa jina la Leo Africanus, alisomea hapo.

Fatima as-Samarqandi: mahari ya kitabu

Karne ya 12 tunamkuta Fatima mwingine, binti wa Alauddin as-Samarqandi, mwanachuoni wa madhehebu ya Hanafi na mtunzi wa Tuhfatul Fuqahaa. Baba alimsomesha mwanawe mpaka akakihifadhi kitabu hicho. Wafalme walimposa, baba akakataa. Kisha mwanafunzi wake al-Kasani akaandika sharhe ya kitabu kile, Badai'us Sanai'. Mwalimu alipoiona alifurahi, akamwoza binti yake, na kitabu hicho ndicho kikawa mahari.

Bibi harusi huyu hakuwa pambo. Fatwa zilikuwa zikitoka nyumba ile zikiwa na mwandiko wake na wa baba yake, na baada ya ndoa zikawa na mwandiko wa watu watatu. Imesimuliwa kwamba mumewe akikosea katika fatwa, Fatima humsahihisha, naye hurejea kwenye kauli ya mkewe. Waliishi Halab, Sham. Na wewe unayefutari leo kwenye mkeka wa msikiti, sikia hili: inasemekana yeye ndiye aliyeanzisha futari ya Ramadhani kwa mafakihi wa madrasa ya Halawiyya. Alikuwa na bangili mbili. Akazivua, zikauzwa, futari ikapikwa kila usiku.

Fatuma wa Unguja: si kila jina ni hadithi tamu

Historia si maulidi, ndugu yangu, haina sifa tupu. Pwani yetu nayo ilikuwa na malkia Fatuma, mtawala wa Unguja mwishoni mwa karne ya 17. Waomani walipoizingira Fort Jesus hapa Mombasa kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, yeye alikuwa upande wa Wareno, na aliwapelekea chakula waliozingirwa. Ngome ilipoanguka, Waomani walimchukua na kumhamishia Oman, akakaa miaka kadhaa kabla ya kuruhusiwa kurejea.

Tumhukumu vipi? Mtawala wa kisiwa kidogo kati ya madola mawili makubwa huchagua kile anachodhani kitawaokoa watu wake, na pengine hukosea. Tunamtaja kwa sababu wako wanaosema kwamba mwanamke Mswahili wa zamani alikuwa wa jikoni tu. Huyu alipima vita na amani, na akalipa gharama ya uamuzi wake.

Fatima Jinnah: kura ya bibi wa miaka 71

Wa mwisho ni wa juzi tu. Fatima Jinnah alizaliwa Karachi mwaka 1893, akasomea udaktari wa meno Calcutta, na mwaka 1923 akafungua kliniki Bombay. Baadaye aliishi na kaka yake Muhammad Ali Jinnah na kumsaidia katika harakati zilizoizaa Pakistan mwaka 1947. Kaka alifariki mwaka uliofuata. Vyama vya upinzani vilipotafuta mtu wa kumkabili Rais Ayub Khan, jenerali aliyetwaa nchi kwa jeshi, vilimwendea bibi huyu. Akakubali. Katika uchaguzi wa Januari 1965 kura hazikupigwa na wananchi wote bali na wajumbe 80,000. Alishindwa, lakini umati uliomiminika kumsikiliza ulionyesha kwamba jenerali naye anaweza kuulizwa maswali. Alifariki mwaka 1967.

Sasa turudi kwetu

Umeona, msomaji? Mmoja alikuwa na mtambo wa kusagia, mwingine ana sanduku la vito, mwingine kiwanja, mwingine kalamu. Jina halikuwapa lolote katika hayo. Fatima as-Samarqandi alikuwa mufti kwa sababu baba yake alikaa naye akamfundisha. Binti al-Khattab alikuwa na waraka wa kuuficha kwa sababu mwalimu aliingia nyumbani mwao. Kila mmoja, ukichunguza, utakuta elimu au amana aliyokabidhiwa mapema.

Na jambo jingine la kusikitisha. Wengi wao tunawajua kwa sababu tu walikuwa karibu na mwanamume aliyeandikwa. Habari za as-Samarqandi twazipata ndani ya habari za baba na mume. Je, ni akina Fatuma wangapi waliosomesha Qur'ani barazani na vyumbani mwao, Siyu, Pate, Mambrui na Vanga, ambao leo twawajua kwa "Mama Fulani" tu, hata jina lao hatulijui?

Basi wazazi, binti akimaliza juzuu na akamaliza shule ya msingi, msiseme yatosha. Nanyi vijana, usiku mmoja katika kumi hizi za mwisho, baada ya tarawehe, kaeni na nyanya mumuulize: nani alikusomesha? Mwandike jina lake kamili, na la baba yake, na la mji wake. Huenda likawa ni Fatuma. Huenda lisiwe. Liandikeni.

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu, na awarehemu waliotutangulia, waliotajwa na wasiotajwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.