Eti Kigoma tulilala?

Kuna kauli nimeisikia tena hapa bwenini, eti Tanga na Moshi walitangulia kwa sababu ni wachapakazi, sisi wa Kigoma tulilala. Mimi ni Muha, na Historia ndiyo nitakayokuja kuifundisha, kwa hiyo leo mnivumilie kidogo.

Karne ya 19 hakuna aliyelala. Chumvi ya Uvinza ilisafiri mbali, na Ujiji lilikuwa soko kubwa kwenye njia ya misafara ya pwani. Kilichobadilisha mambo ni mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, ikafika hai 62 tu (ndiyo, sitini na mbili!), ikapandwa upande wa Pangani. Mwaka huohuo reli ikaanza kujengwa Tanga, na 1911 ikafika Moshi. Sasa jani la mkonge ni zito, singa ndani yake ni kama asilimia 4, na likikatwa lisindikwe haraka. Kwa hiyo mashine inakaa shambani, shamba linakaa karibu na reli, na reli inaishia bandarini. Ukishakuwa na hivyo, karakana na maduka yanakuja yenyewe. Uchapakazi uko wapi hapo?

Na huo mkonge alikata nani? Reli ya kati ilifika Kigoma 1914, ungedhani na sisi sasa tumepona. Wapi! Waingereza waliifanya Kigoma hifadhi ya vibarua, kama Songea. Mtu akiwa na kahawa yake nyumbani, kama Wachaga, ataendaje kukata majani ya mwenzake? Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, ofisi ya kukusanya wafanyakazi kutoka mbali. Kila mtu na namba yake, ndiyo hao manamba, wanalipwa kwa kipande cha siku 30. Huku nyumbani wakabaki kina mama na jembe. Kufikia 1964 Tanganyika ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ya kwanza duniani, na mikono ya Waha imo humo.

Baadaye nyuzi za plastiki zikaangusha bei, mashamba mengi yakawa pori. Lakini bandari na reli hazikung'olewa. Na manamba wengine hawakurudi kabisa, wajukuu zao wako Tanga mpaka leo. Mkipita huko waulizeni kwao ni wapi.