Saa za Wodi, Saa za Kitabu

Awasi ni njia panda. Magari yanayotoka Kisumu kupanda Kericho hupita hapa, na barabara ya Chemelil huchepuka papo hapo kuelekea kwenye miwa. Kijana wa hapa anayesomea uuguzi au udaktari Kisumu anaweza kulala kwao wikendi, kisha Jumatatu alfajiri akadandia matatu ya Ahero na kuwahi wodini. Mabegi ya wanafunzi hawa huwa mazito. Ndani mna koti jeupe, viatu vya zamu, na rundo la mitihani ya miaka iliyopita iliyotolewa fotokopi hadi herufi zikafifia.

Kila kizazi cha wanafunzi wa tiba kimeuliza swali moja: kabla ya mtihani wa leseni, tutapewa wiki ngapi za kusoma? Nchini Kenya jibu limetegemea zaidi jinsi hospitali inavyomhesabu kijana huyo, kama mwanafunzi au kama mikono ya kazi.

Mwanzoni alikuwa mikono ya kazi, basi. Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, KMTC, huhesabu mwaka wa 1927 kuwa mwanzo wake. Waafrika waliofunzwa enzi hizo waliitwa madresa. Walisafisha vidonda, walifunga bendeji, walibeba machela, na masomo yakaja pale kazi ilipopungua. Upande wa ziwa, Waadventista walikuwa wamefungua hospitali yao Kendu Bay mwaka wa 1925, na Waanglikana walikuwa Maseno. Mfumo wa uuguzi uliokuja na Waingereza ulikuwa na desturi yake: mwanafunzi hupewa malazi, chakula na posho kidogo, naye hulipa kwa zamu. Kitabu kilifunguliwa baada ya zamu, kama macho yangali yanafunguka.

Kilicholeta nafuu ni bloki. Hadi leo ukimuuliza mwanafunzi wa uuguzi yuko wapi, atakujibu yuko bloki au yuko wodi. Bloki ni majuma ya darasani mfululizo, bila zamu. Baada yake hurudi wodini kwa miezi. Bloki ya mwisho, ile ya marudio, ndiyo iliyo karibu zaidi na kile wengine wanachokiita likizo ya mtihani. Na hata hiyo si likizo kamili, maana asubuhi kuna mwalimu mbele yako.

Baraza la wauguzi lilianza mwishoni mwa miaka ya 1940, na sheria ya 1983 ikalipa sura yake ya sasa. Chuo hufundisha, baraza hutoa leseni. Kabla ya kuingia chumba cha mtihani, mwanafunzi lazima awe ameandikishwa kwenye baraza tangu mapema katika masomo yake, na awe amepita tathmini za wodini. Katika tathmini hizo mtahini husimama kando ya kitanda akitazama unavyogawa dawa, unavyompima mama mjamzito, unavyoendesha wodi nzima. Hakuna kitabu kinachokuokoa pale. Kwa hiyo wodi ni adui wa saa za kusoma na papo hapo ni nusu ya mtihani wenyewe, jambo ambalo watu wa nje huwa hawalioni.

Mwaka wa 1987 mzigo uliongezeka ghafla. Zamani mtu alisomea uuguzi wa jumla, akafanya mtihani, akaenda kusomea ukunga, akafanya mwingine, kisha afya ya jamii. Stashahada mpya iliyojulikana kama KRCHN iliviweka vyote katika kapu moja, na afya ya akili ndani yake. Kwa taifa lililohitaji muuguzi mmoja wa kukaa peke yake kwenye zahanati ya mashambani, uamuzi ulikuwa wa busara. Kwa mwanafunzi, ilimaanisha kurudia taaluma nne kwa wakati mmoja.

Madaktari walipita njia nyingine. Wa kwanza walifunzwa Mulago nchini Uganda, chini ya Makerere, kuanzia miaka ya 1920. Nairobi ikapata kitivo chake mwaka wa 1967. Daktari aliyesomea Kenya hakabiliwi na mtihani wa kitaifa wa leseni. Mlango wake ni mtihani wa mwisho wa chuo, wenye watahini waalikwa kutoka vyuo vingine, kisha mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini. Waliosomea ng'ambo ndio hupimwa na baraza la madaktari. Basi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno wanaozunguka hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo Kisumu nzima bado inaiita Russia kwa sababu ya Wasovieti waliosaidia kuijenga, hupata muda wa kusoma kulingana na kalenda ya kitivo chao.

Marekani wamefika mbali. Vyuo vingi huwaachia wanafunzi wiki nne hadi nane tupu, bila darasa wala wodi, kabla ya hatua ya kwanza ya mtihani wa leseni, ambao ni wa siku nzima. Alama zake zilitisha kiasi kwamba Januari 2022 ziliondolewa, kukabaki kufaulu au kutofaulu. Wengi huishi kwa mikopo wiki hizo, lakini angalau hakuna anayewaita kuziba pengo la zamu ya usiku.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa hapa kwetu. Mwaka wa 2005, shirika la afya la AMREF, Baraza la Wauguzi na washirika wao walianzisha mafunzo kwa njia ya kompyuta ya kuwapandisha wauguzi wapatao 22,000 kutoka ngazi ya cheti hadi stashahada. Kwa nafasi zilizokuwa vyuoni, kazi hiyo ingechukua zaidi ya karne. Muuguzi alibaki kituoni kwake, akasoma kwa mwendo wake, akaenda hospitali kubwa kwa mazoezi, mwishoni akafanya mtihani wa baraza.

Wazo lilikuwa zuri, nami nalitetea hadi leo. Ila huo mwendo wa muuguzi ulikuwa upi? Fikiria zahanati ya uwanda wa Kano msimu ambao mto Nyando umefurika: malaria imejaa benchi, mama ana uchungu chumba cha pili, na muuguzi ni huyo mmoja. Akifika nyumbani kuna watoto na jiko. Kompyuta ilifupisha safari ya kwenda chuoni, usiku haukurefuka. Ukosefu wa muda ulikuwa kati ya malalamiko makubwa ya wanafunzi hao, na wengi walifaulu hivyo hivyo.

Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kupeleka wauguzi. Oktoba, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akatangaza kwamba kati ya 300 waliopimwa Kiingereza, ambacho ni sharti la kusajiliwa kule, 10 tu ndio waliofaulu. Nchi nzima iliwacheka, mitandaoni na kwenye matatu. Sikumsikia hata mmoja akiuliza ni wangapi kati ya wale 290 walioingia kwenye mtihani wakitoka zamu.