Kiriba, kitambi na puto: historia fupi ya unene wetu

Wataalamu wetu wa lishe wana neno moja zuri kwa jambo ambalo wengi tunalisema kwa kuzungukazunguka: kiribatumbo. Kiriba ni ule mfuko wa ngozi wa kubebea maji, unaotuna ukijazwa na kusinyaa ukimiminwa. Uweke mbele ya tumbo, picha imekamilika. Neno hili utalikuta kwenye mabango ya kliniki na kwenye nyaraka za Taasisi ya Chakula na Lishe, ile iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1973.

Sasa shuka pale Maji ya Chai, barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi, siku ya soko, uulize nani anaumwa kiribatumbo. Watakushangaa. Utaelekezwa kwa bonge, kibonge, tipwatipwa, au mzee mwenye kitambi chake cha heshima. Na kama wewe ni mtoto wa pale umerudi kutoka Dar baada ya mwaka mzima, bibi atakushika mkono, akutazame juu hadi chini, akwambie umenawiri. Hapo umesifiwa. Ukirudi umekonda, swali ni moja tu: vipi, unaumwa?

Kutoka "umenawiri" hadi "kiribatumbo" ni safari ya karne moja hivi, na sehemu kubwa yake imepita hapahapa kwetu Afrika Mashariki.

Tuanze na wakoloni, maana wao ndio waliokuja na mizani. Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, C. P. Donnison, aliyekuwa akifanya kazi upande wa Kisii, Kenya, alichapisha kwenye jarida la The Lancet vipimo vya shinikizo la damu vya Waafrika 1,000. Katika miaka miwili alikuwa amelaza wagonjwa wapatao 1,800, na hakuona hata mmoja mwenye ugonjwa wa presha. Mwaka huohuo alifika Kenya Hugh Trowell, ambaye baadaye alihamia Uganda na kufundisha Mulago. Naye alisema alipoanza kazi huku, Mwafrika mnene ilikuwa nadra kumwona. Mwaka 1960 akatoa kitabu kizima kuhusu magonjwa yasiyoambukiza Afrika, na yeye na mwenzake wa Mulago, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, ndio walioifundisha dunia kujali nyuzinyuzi kwenye chakula. Kwa hiyo ukisikia mtu wa Ulaya anahimizwa kula mkate wa ngano isiyokobolewa, ujue sehemu ya hoja hiyo ilizaliwa kwa kuangalia sahani za watu wa Kampala.

Lakini tusiwasome madaktari hawa kwa upole kupita kiasi. Mwaka 1931 John Boyd Orr na J. L. Gilks, aliyekuwa mkuu wa tiba Kenya, walitoa utafiti uliolinganisha Wamasai na Wakikuyu. Mwanaume wa Kimasai, walisema, alimzidi wa Kikuyu urefu kwa inchi 5 na uzito kwa ratili 23, yaani kama kilo 10 na ushee. Jibu lao lilikuwa chakula: huyu maziwa, nyama na damu, yule nafaka na mizizi. Swali lililokuwa nyuma ya vipimo ni lingine. Serikali ya kikoloni ilitaka kujua mwili wa Mwafrika una nguvu kiasi gani za kufanya kazi. Wembamba uliosifiwa na madaktari haukuwa wote wa afya. Ulikuwamo wa kodi ya kichwa, wa njaa, wa kutembea maili nyingi na mzigo. Mtu aliyepitia hayo akimwona mwanawe amenenepa, kwa nini asifurahi?

Ndiyo maana kitambi kikawa cheo. Baada ya uhuru, katuni za magazeti zilimchora bosi kwa tumbo kwanza, suti baadaye. Tulikuwa tunamcheka, lakini tukimwonea wivu pia.

Halafu ukaja Ukimwi, na hapa ndipo ninapodhani historia yetu inaachana na ya Ulaya. Wagonjwa watatu wa kwanza Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Huko waliuita Juliana. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, jina likawa "slim", kwa sababu ulimkondesha mtu hadi mifupa, na mwaka 1985 jina hilo la mtaani likaingia hadi kwenye kichwa cha makala ya The Lancet. Hebu fikiria: wakati wanawake wa London na New York walikuwa wanalipia madarasa ya kukonda, huku kwetu kukonda ilikuwa hati ya kifo, na tena ya kunong'onwa. Kizazi kizima kilijifunza kula ili kionekane kizima. Mtu aliyepungua kwa makusudi ilibidi ajieleze kwa majirani. Wapo wanaojieleza hadi leo.

Wakati huo kisukari bado kilikuwa kigeni vijijini. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake walitoa matokeo ya vipimo vya watu zaidi ya 6,000 kwenye vijiji 6 vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara. Wenye kisukari hawakufika asilimia 1. Kilimanjaro hiyo ni jirani zetu kabisa: ndizi zilezile, mbege ileile, mteremko uleule wa kupanda na kushuka na debe kichwani.

Kilichofuata kilikwenda kimyakimya. Tafiti za kitaifa za afya zinaonyesha kwamba mwaka 1991–92, wanawake wenye umri wa kuzaa waliokuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo walikuwa kama 11 kati ya 100. Mwaka 2015–16 walikuwa 28. Wakati huohuo, utafiti wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Nyumba moja inaweza kuwa na mama mwenye kiribatumbo na mtoto aliyedumaa, na wote wanakula sufuria moja.

Nini kimebadilika? Ukisimama Maji ya Chai unaona karibu kila kitu kwa macho. Bodaboda imechukua ule mwendo wa kupanda kuelekea Ngurdoto. Mashamba ya kahawa na migomba yamekatwakatwa kuwa viwanja. Sembe nyeupe imekuwa ya kawaida, dona limekuwa chakula cha ushauri wa daktari. Loshoro na makande vipo bado, lakini chipsi mayai iko karibu zaidi na inaiva haraka, na mafuta ya kupikia yanauzwa kwa kipimo cha mtu asiye na pesa. Soda inafika kokote, hata mahali ambapo maji safi hayafiki. Hapo penye maji nitaparudia.

Upande wa tiba, hadithi inaanzia mbali. Katika miaka ya 1950 madaktari wa Marekani walianza kuruka sehemu ya utumbo mwembamba ili chakula kisinyonywe chote. Watu walipungua, lakini wengine waliharibika ini na figo. Mwaka 1966 Edward Mason wa Iowa akaja na njia nyingine. Alikuwa amegundua kwamba wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliokatwa sehemu ya tumbo hawanenepi tena kirahisi, basi akalifanya tumbo kuwa dogo kwa makusudi na kuliunganisha na utumbo mbele zaidi. Kwenye miaka ya 1990 kazi hiyo ikaanza kufanywa kupitia matundu madogo. Baadaye ukashika kasi upasuaji rahisi zaidi, unaoondoa kama robo tatu ya tumbo na kubakiza bomba lenye umbo la ndizi. Mwaka 1999 Wajapani walipogundua homoni ya njaa, ghrelini, inayotengenezwa zaidi na ile sehemu inayokatwa, ikaeleweka kwa nini wagonjwa wale hawapungui tu kwa sababu ya nafasi ndogo. Njaa yenyewe inapoa.

Hili la homoni lina uzito wake, maana linagusa dhamiri. Kwa miaka mingi mnene alihukumiwa kuwa mlafi. Kumbe mwili unatetea uzito wake: ukipunguza kula, unaongeza njaa na kubana matumizi. Utafiti mkubwa wa Sweden, ulioanza mwaka 1987 na kufuatilia watu zaidi ya 4,000, ulionyesha mwaka 2007 kwamba waliopasuliwa walikufa wachache kuliko wenzao wa uzito kama wao waliotibiwa kwa njia za kawaida.

Kwetu, kwa muda mrefu, tiba ya namna hii ilimaanisha "kwenda India", kwa mwenye nacho. Mwishoni mwa mwaka 2022 mambo yakabadilika. Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza kuweka puto tumboni. Haikati mtu. Puto linaingizwa kupitia mdomoni kwa msaada wa mpira wenye kamera, linajazwa maji likiwa tumboni, linakaa miezi sita au hadi mwaka kutegemea aina, kisha linatolewa. Baadaye hospitali hiyohiyo ikaongeza upasuaji wa kupunguza tumbo. Aliyekuwa anaiongoza Muhimbili ni Profesa Mohamed Janabi, daktari wa moyo, ambaye tangu Mei 2025 ndiye mkurugenzi mteule, na sasa mkurugenzi, wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika. Video zake kuhusu kula zilizunguka kwenye simu hadi jina lake likawa utani wa kwenye vibanda vya chipsi. Utani huo nauhesabu kama tukio la kihistoria. Kwa mara ya kwanza nchi nzima ilikuwa inajadili sahani yake kwa sauti.

Lakini hebu tuifuate safari ya mgonjwa. Tuseme ni mama muuza ndizi wa pale kituoni, urefu mita 1.6. Kwa vigezo vilivyotumika tangu mwaka 1991, angestahili upasuaji akifika kilo 102 hivi, au kilo 90 kama tayari ana kisukari au presha. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vilishusha viwango hivyo. Anaanzia zahanati, anakwenda Hospitali ya Wilaya pale Tengeru, pengine Mount Meru, pengine KCMC Moshi. Puto liko Dar es Salaam, karibu kilomita 600. Tuseme ukoo umechanga, amefika, amewekewa, amerudi. Nani atamfuatilia? Puto likitolewa bila kubadili mlo, kilo zinarudi. Aliyekatwa tumbo anahitaji vitamini na vipimo vya damu maisha yake yote. Upasuaji ni saa chache. Miaka inayofuata ni ya muuguzi wa karibu, mpishi wa nyumbani, na majirani watakaomwona amepungua na kuanza kunong'ona.

Na hapa narudi kwenye maji. Kijiji kimepata jina kwa mto wenye rangi ya chai, lakini tatizo lake kubwa halina rangi: floridi, inayotoka kwenye miamba ya volkano ya Meru. Vizazi vimekua huku na meno ya kahawia, wengine na mifupa iliyopinda. Mwaka 1974 serikali iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita, kwa sababu maji mengine hayakuwepo. Shirika la Afya Duniani leo linapendekeza 1.5. Watoto wa ukanda huu wakienda kusoma mbali walichekwa kwamba hawapigi mswaki. Waliosugua hadi fizi zikatoa damu hawakubadilika chochote, kwa sababu kosa halikuwa la mswaki. Dawa ilianza kutafutwa pale ilipokubalika kwamba meno yale yanasimulia habari za maji, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kikaanza kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa.

Unene wetu nausoma hivyohivyo. Mwili wa yule mama unasimulia habari za bei ya mafuta, za barabara, za kiwanja kilichomeza shamba, za miaka ambayo kukonda kulimaanisha kufa. Puto linaweza kumwokoa yeye, na anastahili kulipata bila kuchekwa. Ila watu wa Maji ya Chai wanajua kuliko wengi kwamba ukimtibu mtu mmojammoja na chanzo ukakiacha, mtoto atakayezaliwa kesho ataota meno yaleyale.