Hesabu za siri ndani ya mita ya LUKU

MKAZI wa Nanganga, penye njia panda ya Ruangwa katika barabara iendayo Masasi, anunuapo umeme kwa simu hupokea tarakimu 20. Akiziingiza katika mita, taa huwaka. Mita haikuuliza popote iwapo tarakimu hizo ni halali; chipu ndogo iliyomo ndani yake imekokotoa jibu yenyewe.

Mita za LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, za Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO), hufuata kiwango cha kimataifa cha STS kilichoanzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990. Kila mita ina ufunguo wake wa siri, uliofungamanishwa na namba yake. Ndiyo maana tokeni ya jirani hukataliwa.

Ufunguo hutengenezwa upande wa muuzaji. Njia mpya zaidi katika STS hutumia SHA-256, kanuni iliyochapishwa na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, mwaka 2002. Kanuni hiyo huvuruga kila fungu la biti 512 kwa mizunguko 64, na mwishoni hutoa biti 256. Ikibadilika herufi moja tu, matokeo yote hubadilika, wala haijulikani njia ya kurudi kutoka matokeo hadi chanzo.

Bodi ndogo yatosha

Kazi hiyo haihitaji kompyuta kubwa. Bodi ya kujifunzia ya Arduino Uno, yenye kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 2 na mwendo wa megahezi 16, huimudu. Matokeo ya kila hatua huchukua baiti 32, fungu linalovurugwa baiti 64, na jedwali la namba za kudumu lenye baiti 256 huweza kukaa katika kumbukumbu ya programu. Kinachopungua ni kasi, kwa kuwa chipu yake hushughulikia biti 8 kwa mara moja, ilhali SHA-256 imeundwa kwa biti 32.

Somo la 2024

Udogo huo una gharama. Kila tokeni ya umeme ilibeba muda wake, ukihesabiwa kwa dakika tangu Januari 1, 1993, katika biti 24. Nafasi hiyo ilitosha dakika 16,777,216 tu, nazo zilikwisha Novemba 24, 2024. Kabla ya siku hiyo, wateja wa TANESCO walipewa tokeni tatu: mbili za kubadili ufunguo, na ya tatu ya umeme wenyewe. Mita ambayo haikubadilishwa ingekataa tokeni mpya, hata mwenyewe akiwa amelipa.

Kwa hiyo usalama wa LUKU haumo katika tarakimu 20 ambazo kila mtu huziona, bali katika ufunguo usioonekana. Ufunguo huo ukivuja, tokeni za bandia zitafanana kabisa na za halali.