Historia ya Pate haianzi 1900

Niliwahi kuwasomea watu wa ukoo wangu orodha ya marehemu wetu, na kwenye orodha hiyo mtoto alikufa kabla ya baba yake. Haikuwa kweli. Mwongo alikuwa mimi, na chombo nilichotumia kudanganya ni makro ya Excel. Mmeniuliza sana kwa nini siku hizi nahubiri Python, basi jibu ndilo hili, na litapita kisiwani kwetu Pate kwanza.

Bibi alinipa daftari la babu lililokuwa likikaa kashani pamoja na karatasi za shamba. Limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili chetu cha nyumbani: nani kazaliwa, nani kafa, jahazi lipi lilikwenda na nani, mwaka gani tumbaku ilikauka. Babu alinakili mengine kutoka kwa babake. Tarehe zote ni za Hijria, na ya kwanza kabisa ni ya 1290, yaani 1873 kuingia 1874.

Mimi kijana wa kompyuta nikasema, hili dogo. Nikaunda jedwali, nikaokota makro mtandaoni, nikaifanyia marekebisho: chukua mwaka wa Hijria, zidisha kwa 0.97, ongeza 622. Nikapanga kuanzia wa zamani hadi wa juzi, nikachapisha, nikapanda boti Lamu hadi Mtangawanda na pikipiki hadi nyumbani, kifua mbele.

Barazani ami akanisikiliza, kisha akasema taratibu, "Basi nyinyi hamna fungu hapa."

Mnaojua mirathi mshaelewa. Shamba letu ni la mzee aliyefariki 1315. Mwanawe, ambaye sisi ni kizazi chake, alifariki 1320. Baba akitangulia, mwana anarithi na watoto wake wanapata haki yao. Mwana akitangulia huku ndugu zake wa kiume wako hai, watoto wake hawarithi kwa babu yao. Na karatasi yangu ilimtaja mwana kwanza.

Kosa lilikuwa wapi? Excel huhesabu tarehe kama nambari za siku, na nambari 1 ni tarehe 1 Januari 1900. Kwa kalenda yetu hiyo ni mwisho wa Shaabani 1317, Ramadhani iko mlangoni. Ukiandika siku ya kabla ya hapo, kwake hiyo si tarehe bali ni maneno tu. Tarehe hukaa upande wa kulia wa seli, maneno kushoto. Ukipanga, nambari hutangulia na maneno hufuata. Kwa hiyo aliyefariki 1320 (1902) alikuwa tarehe, na babake wa 1315 (1897) alikuwa maneno. Wote waliokufa kabla ya 1900 walijipanga kushoto, chini ya wajukuu zao, na mimi sikuona. Jicho lilikuwa wazi lakini nilikuwa na haraka ya kusifiwa.

Asili ya 1900 hiyo ni ya kiofisi. Jedwali la kwanza la kompyuta lililopata umaarufu, VisiCalc, lilitoka 1979, kazi yake hesabu za biashara. Lotus 1-2-3 ikafuata 1983, nayo ikahesabu 1900 kuwa mwaka mrefu, jambo ambalo si kweli. Excel ilipokuja ikalibeba kosa hilo makusudi ili mafaili ya watu yasigongane. Mpaka leo itakukubalia tarehe 29 Februari 1900. Siku ambayo haikupambazuka duniani imo, siku aliyozikwa mzee wetu haimo! Siwalaumu sana. Walikuwa wakifikiria ankara na mishahara, si daftari la Pate.

Na niwe mkweli, VBA, lugha ya makro iliyoingia Excel mwaka 1993, si mjinga kama wanavyosema vijana wa Twitter. Yenyewe inafika nyuma hadi mwaka 100, na ina hata mpangilio wa kalenda ya Hijria. Lakini ukiirudisha tarehe ya 1897 kwenye seli, haikai kama tarehe. Mtumishi anajua kusoma, nyumba haina rafu.

Python, aliyoitoa Mholanzi Guido van Rossum mwaka 1991, inahesabu tarehe kuanzia mwaka 1 hadi 9999. Nikakaa kuandika upya, na hapo ndipo faida yenyewe ilipo, kwa sababu kuhamisha kulinilazimisha kusoma nilichokuwa nimekinakili. Ile 0.97 ni makadirio tu. Hesabu yenyewe ina mzunguko wa miaka 30 wenye siku 10,631, ambamo miaka 11 huongezwa siku moja. Niliiandika mstari kwa mstari.

Kuijaribu, nikachukua tarehe maarufu kuliko zote kwetu: mwaka 600, ambao Habari za Pate zinasema ndipo Sulaiman wa Kinabahani alipotawala baada ya kuoa binti wa mfalme wa Pate. Makro yangu ilikuwa ikisema 1204. Python ikajibu: mwaka 600 ulianza 17 Septemba 1203 na ukaisha 1204. Kumbe ndiyo maana vitabu huandika 1203/4, mwaka wao mmoja haulingani na wetu mmoja. Lakini majedwali ya wataalamu yanasema 10 Septemba. Wiki nzima imepotea! Usiku mbili sikulala vizuri. Mwisho nikagundua kuwa Python hurudisha kalenda ya Papa Gregory hadi nyuma kabisa, ingawa ilianza 1582, na vitabu hutumia ya zamani, ya Julius. Kwa karne ya 13 tofauti ni siku saba. Wote walikuwa sawa.

Sasa msije mkafikiri nimethibitisha jambo. Habari za Pate zenyewe zimehama vyombo mara nyingi. Nakala ya wafalme inasemekana iliangamia Waingereza walipoipiga Witu, Oktoba 1890. Tulizonazo zinatoka zaidi kwa Bwana Kitini, Mnabahani aliyeihifadhi kichwani na kuisimulia. Stigand akachapisha kwa Kiingereza 1913, Alice Werner akafuata muda mfupi baadaye na maandishi ya Kiswahili. Marina Tolmacheva alipotoa kitabu chake 1993 alitumia miswada minne ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na haikubaliani kila mahali. Wapo watafiti wanaoona Wanabahani walikuja baadaye sana kuliko 600. Na kisiwa kina umri zaidi ya hapo hata hivyo: kule Shanga, Mark Horton alichimba akakuta misikiti juu ya misikiti, ya chini kabisa ya karne ya 8. Kwa hiyo programu yangu inanipa siku kamili ya mwaka ambao huenda si wenyewe.

Nilirudi barazani na orodha mpya. Safari hii tarehe ya Hijria imetangulia, kama babu alivyoiandika, na ya Kizungu iko pembeni ikiwa na onyo: siku moja au mbili mbele au nyuma, kwa sababu hesabu haiangalii mwezi. Ami akasoma kimya, kidole juu ya 1315, kikashuka hadi 1320. Akarudia. Akaomba nakala mbili.

Bibi akauliza mbona mamake hayumo. Tukalifungua daftari tena. Kurasa mbili zilikuwa zimegandana, na bado hatujapata mtu wa kuzifungua bila kuzichana.