Handiboli Huenda Wapi Ukimaliza Kidato cha Nne?
Kwa miaka mingi, ukisoma shule ya upili Timau, kalenda ya michezo uliijua hata usingizini: muhula wa kwanza handiboli, wa pili kandanda. Ukimaliza kidato cha nne, njia zinaachana. Kandanda haina maneno mengi. Vijana wa mashamba ya maua wakitoka kazini jioni, mechi inaanza, hata goli likiwa mawe mawili. Handiboli inataka uwanja wa mita 40 kwa 20, magoli ya mita 3 kwa 2, na watu saba kila upande wanaojua sheria. Nani atagharamia?

Hapa Kenya jibu limekuwa mwajiri. Abaluhya ya 1964 na Gor Mahia ya 1968 zilibebwa na jamii zao. Hata amri ya 1980 ya kufuta majina ya kikabila haikutawanya mashabiki. Abaluhya ikaitwa AFC Leopards, basi, nyimbo zikaendelea. Sasa tazama majina ya handiboli: Ulinzi ni jeshi, Nairobi Water ni kampuni ya maji, Cereals ni bodi ya nafaka iliyoundwa 1979. Kujiunga na timu ni karibu sawa na kuandikwa kazi. (Msikasirike, nazipenda zote.)

Ndiyo maana hilo jina Cereals huniuma kidogo. Ngano tunalima sisi. Gunia linateremka na lori kuelekea Nanyuki, na msichana aliyetufungia magoli muhula wa kwanza naye anateremka kutafuta timu. Wengi hawaipati. Wanarudi kupanga waridi kwenye maboksi.