Land Rover ya Baba na Sufuria za Kasongo

Sufuria ninayochemshia chai chini ya mwembe, pale ninapolitengenezea gari, zamani ilikuwa mlango wa Land Rover. Najua kwa sababu niliuona ukikatwa. Nilikuwa na umri wa miaka tisa, nimeshika mvukuto, na fundi wa kusubu, jirani yetu hapa Lusangi, aliupasua mlango ule kwa patasi, akavitia vipande katika chungu cha moto, akamimina alumini kwenye ukungu wa mchanga. Jioni mama akarudi nyumbani na sufuria ya miguu mitatu. Mlango wenyewe ulitoka kwenye gari lililoachwa kando ya njia ya Kabambare tangu vita vya waasi wa Mulele, mwaka 1964, na kila mtu aliyepita pale alikuwa amechukua chake.

Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Vita vya dunia vilikuwa vimekwisha, Uingereza ikawa na uhaba wa chuma. Serikali ilikigawa kwa kipimo, lakini alumini iliyokuwa ikitengenezewa ndege ilikuwepo. Basi kiwanda cha Solihull kikaunda sasi ya chuma na kuivika mwili wa alumini. Uhaba wa watu wa mbali ukawa riziki ya watu wa hapa. Alumini hailiwi na kutu, inayeyuka kwa moto wa makaa, nayo haina ladha mbaya kwenye sombe. Magari mengi ya jimbo letu la Maniema yako jikoni mpaka leo. Springi zake zimekuwa mapanga na majembe, maana hakuna chuma mhunzi anachokipenda kama bamba la springi. Mpira wa ndani wa tairi ulikatwa kamba za kufungia mizigo kwenye baiskeli. Kwa hiyo gari lililobaki karibu zima, lenye injini yake, sanduku lake la gia na kibao chake cha namba, ni kitu ambacho mtu anaweza kusafiri siku nyingi katika nchi hii asikione. La baba limebaki.

Ili uelewe limebakije, lazima kwanza uijue njia lililopita. Barabara ya Kasongo na Kabambare ni kongwe kuliko injini yoyote. Misafara ya waungwana ilitoka Ujiji, ikavuka ziwa, ikapanda mpaka Kabambare, ikateremka Kasongo na Nyangwe kwenye mto Lualaba. Livingstone alikwama Kabambare miezi mingi mwaka 1870, miguu ina vidonda. Tippu Tip aliitawala Kasongo, na kwa njia hiyo hiyo tukapata Kiswahili hiki, tukapata mpunga, na watu wetu wengi wakapelekwa wamefungwa shingo. Mzigo wa pagazi ulikuwa kilo 30 hivi. Pembe ilibebwa begani, kitambaa kilibebwa kichwani, na mwenye kuanguka aliachwa. Nalisema hili kila kijana anapoliangalia gari na kuuliza linabeba kiasi gani. Namjibu kwamba linabeba mizigo ya pagazi zaidi ya ishirini, na dereva mmoja, na hakuna anayekufa.

Wabelgiji waliiteka Kasongo mwezi Aprili 1893. Wakafuata na barabara za magari, nazo zililimwa kwa majembe ya wanakijiji waliolazimishwa, kama pamba ilivyolazimishwa tangu 1917. Reli ilipita ng'ambo ya magharibi ya Lualaba, kutoka Kindu kuelekea Kongolo, kwa hiyo kila kilichotoka kwetu kilipaswa kufika mtoni na kuvuka kwa baki, yaani kivuko. Barabara zikagawanywa vipande, na kila kipande kikawa na kantonye wake, mtu wa jembe na toroli, kazi yake kufungua mitaro kabla ya mvua na kujaza shimo likiwa bado dogo kama sahani. Wazee wakikuambia kwamba zamani mtu alitoka Kabambare asubuhi akalala Kasongo, wanaisifu kazi ya kantonye kuliko ya gari.

Baba alianza kama boi-shofere kwenye lori la pamba. Boi-shofere alikaa nyuma juu ya marobota, ameshika kabari ya mti mgumu. Lori likichoka mlimani, yeye aliruka na kuisukuma kabari chini ya gurudumu la nyuma kabla halijarudi. Kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kilibaki kwenye mlima mmoja wapo. Ndivyo udereva ulivyosomwa: miaka mitatu au minne ya kabari, kuosha, kubadili tairi, kuzungusha manivela alfajiri, ndipo shofere mkubwa anakuachia usukani kwenye tambarare. Shofere alikuwa mtu wa heshima mwenye kofia. Aliheshimiwa kwa kuwa alijua kusikiliza. Land Rover ile ya miaka ya 60 haisaidii mkono wako kwenye gia ya kwanza na ya pili. Ukitaka kushuka gia lazima ukanyage klachi, uirudishe gia kati, uachie klachi, uongeze moto kidogo, ukanyage tena, ndipo uingize, na sikio ndilo linalokuambia lini. Baba alinifundisha nimefumba macho. Aliniambia, "Mutoto, gia ikilia umeitukana."

Baadaye akawa dereva wa mfanyabiashara Mgiriki aliyenunua mpunga na mawese. Gari ni hili: Land Rover ndefu ya inchi 109, usukani kushoto, injini ya petroli ya lita 2.25. Taa zake za mbele ziko ndani, karibu na rejeta, si kwenye mabawa. Kwa alama hiyo tu unajua lilitengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 60. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu akatangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yanapewa wananchi. Mgiriki akajua siku zake zimehesabiwa. Alikuwa anadaiwa na baba mishahara ya muda mrefu, naye alikuwa mtu wa kuogopa deni. Akaandika karatasi kwa mkono, kwa Kifaransa, akaitia sahihi, akampa baba ufunguo. Karatasi hiyo ninayo, imeliwa na mchwa kona mbili, lakini sahihi inasomeka.

Miaka iliyofuata njia ilikufa polepole. Kantonye hakulipwa, akarudi shambani kwake. Mitaro ikajaa, maji yakahamia katikati ya barabara, mashimo yakawa mahandaki. Daraja la magogo likioza watu waliweka mti mmoja wa kupitishia baiskeli, na palipopita baiskeli gari halikupita tena. Ikafika wakati wa wale wanaume tunaowaona mpaka sasa, wanaosukuma baiskeli yenye bidoni za mawese, wametia fimbo kwenye usukani ili waielekeze, miguu ndani ya tope. Nawatazama nawaza kwamba mzigo umerudi kwenye mwili wa mtu. Umbali ni ule ule wa misafara.

Baba aliendelea kwa ukaidi. Gari hili lina kitufe cha manjano. Ukikibonyeza chini, magurudumu ya mbele nayo yanavuta. Lina kijiti chekundu. Ukikivuta nyuma, gia zote zinakuwa fupi na gari linapanda kama kobe. Vitu hivyo viwili viliwapeleka akina mama wengi hospitalini Kasongo usiku. Rangi ya kitufe cha manjano imefutika katikati, pamebaki duara jeusi pale kiganja cha baba kilipobonyeza.

Vita vya 1998 vilipoanza, wenye bunduki wa kila upande walitafuta magari. Baba alikuwa ameona mwaka 1964 gari zima linavyoondoka. Usiku mmoja aliyatoa magurudumu yote manne, akaliweka gari juu ya magogo ya msuku nyuma ya nyumba, akalifunika kwa nyasi za kuezekea. Kabureta akaizika shambani ndani ya mtungi uliojaa mafuta machafu ya injini. Ile rota ndogo ya distribyuta, isiyozidi kidole gumba, mama aliifunga kwenye pindo la kitenge na akatembea nayo msituni miezi yote tuliyokimbia. Waliokuja walifunua nyasi, wakaona gari lisilo na miguu, wakapiga teke, wakachukua boneti kwa kuwa lilikuwa jepesi, wakaenda. Huenda walitaka kitu cha kulalia.

Baba alifariki, nami nikaanza kazi ya kulifufua gari mwaka 2012. Watu walidhani nitalipaka rangi nyeupe, nitie injini ya dizeli ya Kijapani, nifanye biashara. Sikuwaelewa. Nilitaka liwake kama lilivyokuwa likiwaka, na sauti yake ile ile.

Shida ya kwanza ilikuwa spana. Vijana wa pikipiki wote wana spana za milimita, na nati za gari hili ni za inchi. Spana ya 13 inakaribia nati ya nusu inchi, inaingia, unafurahi, kisha inateleza na kula pembe zake. Nati sita niliziharibu hivyo kabla sijaikumbuka bahasha ya turubai ya baba iliyokuwa darini, spana zake tisa za inchi zimepakwa mafuta. Tangu siku hiyo hakuna spana nyingine inayogusa gari. Nati zilizoshika nilizilowesha petroli na mafuta siku tatu, nikazipasha moto, nikazigonga kidogo kidogo. Kila nilichofungua nilikitia kwenye mkebe wa maziwa na kuandika juu yake.

Sasi ndiyo iliyoumia. Alumini ya mwili iko salama, isipokuwa pale inapogusana na chuma: hapo unyevu unazilisha metali mbili hizo, alumini inageuka unga mweupe. Nilikata ngozi nyembamba za mpira na kuzitia katikati. Sasi ilikuwa imetobolewa na kutu nyuma, tope lilipokaa. Nilichomelea viraka viwili, nikaacha vingine vyote vya baba, hata kile alichokipigilia kwa misumari ya ribiti kwa kukosa umeme wa kuchomelea. Baba alizoea kuipaka sasi mawese. Sisimizi walifanya makao ndani. Mimi natumia mafuta machafu ya injini kila mwanzo wa mvua.

Pampu ya petroli ilinisumbua mwaka mzima. Ndani yake kuna utando unaopanda na kushuka, nao ndio moyo wa gari. Nilipoifungua sikukuta utando wa kiwandani. Nilikuta ngozi ya mbuzi. Baba alikuwa ameanza kwa kuukata kwenye mpira wa tairi, kama kila fundi anavyofanya, na mpira ukavimba kwa petroli baada ya wiki moja. Akamwendea mtengeneza ngoma, akachukua ngozi iliyokunwa ikawa nyembamba, akailainisha kwa mafuta, akaitoboa matundu ya skrubu kwa ncha ya msumari. Ngozi ile ilivuta petroli miaka. Niliagiza utando mpya kutoka mji wa mbali, nikauziwa wa bandia uliopasuka siku ya tatu. Wa pili ulikuwa mzuri na ndio uliomo. Ngozi ya mbuzi iko kwenye mkebe wake, na jina la baba juu. Mtu akiniuliza kipi ni cha asili kwenye gari hili, namwonesha injini, namwonesha sanduku la gia, kisha namfungulia na mkebe ule.

Lilibaki boneti. Sisi huliita kapo. Nililiulizia kwa miaka, mpaka mchukuzi mmoja wa baiskeli akaniambia ameliona kijiji cha pili, uani kwa koko mmoja, yaani bibi kizee, limejaa mpunga. Nilikwenda kwa miguu. Lilikuwa lenyewe: katikati yake lina kile kidimbwi cha duara kinachokalia gurudumu la akiba, na koko alikuwa ameurundika mpunga humo kama chanoni, kuku wamezuiwa kwa miiba. Alilikuta njiani wakati wa vita. Rangi ya kijani imebaki pembeni tu. Kwingine reki yake ya mti imeisugua mpaka alumini inang'aa.

Nilipiga goti nikaamkia, nikaeleza. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Naamini ni lenu," akasema. "Lakini ukilibeba, mpunga wangu nitauanika wapi, mjukuu wangu? Bati linaota kutu, mkeka unaoza."

Sikuwa na jibu siku ile. Nilirudi baada ya wiki moja. Boneti la Land Rover linatoka kwa kung'oa pini moja na kulisukuma kando. Hata mtoto akioneshwa anaweza. Tukapatana. Sasa limo garini mahali pake, bila rangi mpya, na alama za reki ziking'aa kwa jua la asubuhi. Mavuno yakianza naing'oa pini, nalibeba kichwani mpaka uani kwa koko, na gari linasubiri chini ya mwembe, injini imefunikwa turubai, mpaka atume mjukuu wake kuniambia kwamba mpunga umekauka.